Mbona Unatuonyesha Kanisa Kuukuu?

Ndugu watazamaji, swali ni lile lile kila wiki: umeishi Coventry, mji wa Uingereza, miaka sita, mbona unatuonyesha kanisa kuukuu badala ya maisha? Wapo watakaosema najigamba, na wapo watakaosema nalalamika. Mnivumilie, kwani haya ni yangu binafsi na mwenzangu wa mtaa wa pili angewaeleza mengine kabisa.

Kanisa la parokia la Holy Trinity lina baraza la mlango wa kaskazini la karne ya 13 na mimbari ya mawe ya karne ya 15, na usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, mabomu ya Wajerumani yalipoliteketeza kanisa kuu la jirani, lenyewe lilisalimika. Lakini kinachonirudisha pale ni ukuta ulio juu ya tao la kuelekea madhabahuni. Katika miaka ya 1430 alichorwa hapo Kristo akihukumu, huku wafu wakitoka makaburini. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa, yaani yale mageuzi ya dini ya karne ya 16, picha ilifunikwa kwa chokaa. Ilipofichuliwa mwaka 1831 ikapakwa vanishi, nayo vanishi ikaingia weusi hata picha ikapotea mara ya pili, mpaka mafundi walipoisafisha na kuionyesha tena mwaka 2004.

Mimi nilipaka chumba kimoja tu rangi nyeupe, na wakala wa nyumba akala amana yangu yote kwa kuwa sikuwa na kibali. Huku kibali hakikwepeki: hata parokia ikitaka kubadili kitu ndani ya jengo lake, sharti iombe idhini ya dayosisi kwa maandishi, na bili ya ukarabati huwaangukia zaidi waumini wenyewe. Kwa hiyo mkiona kisanduku cha sadaka mlangoni, msicheke.

Sasa turudi kwenye picha, tazameni miongoni mwa waliohukumiwa: wale ni wanawake wauza pombe, na vyombo vyao mkononi, wakipelekwa motoni, kwa kupunja vipimo, inavyoelezwa. Mama yangu alitusomesha kwa kuuza mbege, pombe ya ndizi, na kata yake ya kupimia ilikuwa ikifurika hadi mteja analowa vidole, basi nina ugomvi kidogo na mchoraji huyu. Mama, ukiitazama video hii, wapo upande wa kulia. Nimewasogelea kadiri simu ilivyoweza.