Egregious: Neno Lililonilipisha Ada Mara Mbili

Jamani, habari zenu. Leo nalijibu lile swali, maana kila nikiweka video nalikuta: "Dada, egregious maana yake nini? Wameniandikia kwenye barua." Najua wapo watakaosema naringa na Kizungu, na wengine kwamba nimerudi kulalamika. Semeni tu. Neno hili limenigusa mfukoni, kwa hiyo nalizungumza.

Kamusi nyingi zitakupa "mbaya sana," na hapo ndipo watu wanapopotea. Mchezaji akimvuta mwenzake jezi, hiyo ni faulo. Akimrukia magotini kwa miguu miwili, refa anaona, uwanja mzima unaona, hiyo ndiyo egregious. Ni ubaya uliopindukia na usiofichika. Sisi tunasema mwongo aliyekubuhu. Uzito ndio huo. Hutamkwa igrijas, mkazo kwenye gri.

Na zamani lilikuwa sifa! Kilatini egregius ni aliyejitokeza nje ya kundi, na grex ni kundi, kama la kondoo. Kiingereza cha karne ya 16 kilimwita hivyo mtu mashuhuri, kisha watu wakalitumia kwa kejeli mpaka kejeli ikawa ndiyo maana yenyewe. Waitalia hawakugeuka, barua ya heshima kwao bado huanza Egregio. Kwa hiyo wewe uliyetoka Italia ukahamia Uingereza, usimsifu bosi wako kwa neno hili.

Sasa langu. Kwenye fomu ya kuomba kibali niligeuza siku na mwezi. Basi. Barua ikaja: egregious error, maombi yamekataliwa, ada hairudi. Sikulijua neno, nikaogopa, nikaomba radhi kama mhalifu, nikalipa upya, nikapiga picha upya, nikaanza kusubiri miezi upya. Mpaka leo linanichoma. Kugeuza tarehe ni kosa la kalamu. Egregious ni kughushi cheti! Ningelijua, ningewauliza kwa maandishi ubaya huo wameuona wapi. Pengine ada ingepotea vilevile, lakini nisingeinama.

Sisemi kila mtu akabishane na ofisi. Barua yako unaijua wewe, hali ya vibali vyako unaijua wewe, na mwenye wakili amwulize wakili wake. Mimi nasema langu tu: ukiliona neno hilo, usisaini kitu siku hiyo. Tazama kwanza wamelibandika kwenye kosa gani.