Jinsi ya kushuti wimbo wa picha ya Kihindi kwa simu, vile tulifanya sisi Mombasa

Haya jamani hamjambo, karibuni tena. Leo ndiyo ile video mliyoniomba mpaka inboksi ikajaa, ya vile tulishuti ule wimbo wa mama na bintiye pale barazani, na wengi mkauliza kamera gani, nami nawaambia ni simu, simu hii hii mwaiona hapa, hata kioo kimepasuka pembeni.

Lakini kabla ya simu ngojeni kidogo. Ukimwambia mtu tushuti kitu cha Kihindi, cha kwanza atatafuta mtandio na feni, cha pili atataka kukimbia ufuoni kwa mikono miwili wazi, na wimbo utaanza tu hivi hivi kama matangazo ya sabuni. Nyanyangu alikuwa mtu wa sinema, enzi zile Regal na Naaz ziko wazi hapa mjini, na Kihindi hajui hata neno la kuombea maji, lakini ukimkalisha mbele ya picha yoyote atakwambia "sasa wataimba", na kweli hazipiti sekunde kumi waimba. Mimi nikidhani keshaiona. Kumbe haangalii hadithi, aangalia uso. Mtu ana neno kifuani na halitoki, mdomo wafunguka wafungwa, hapo ndipo ngoma yaingia.

Kwa hivyo hatua ya kwanza, tafuta hilo neno lisilotoka. Sisi yetu ilikuwa rahisi kwa sababu pwani hii kila nyumba ishapitia: binti aenda kazi Uarabuni, begi liko mlangoni, teksi yapiga honi nje, na mama badala ya kumuaga yuko bize apanga mahamri kwenye sahani, ayapanga, ayapangua, ayapanga tena. Hakuna anayesema kitu. Hapo ukiweka wimbo haulazimishi, umeshaitwa. Njia ya kupima ni hii, utoe wimbo wote halafu uangalie filamu yako. Kama hadithi yaenda vizuri tu bila wimbo, basi umeweka pambo, rudi nyuma uandike upya.

Hatua ya pili ni wimbo wenyewe, na hapa nisikizeni vizuri. Usichukue wimbo wa picha ya watu ukaubandika. YouTube inautambua hata ukiukata vipande, na pesa ya matangazo inaenda kwa mwenyewe ama video inafungwa kabisa. Najua mtaniambia mbona Kili Paul, yule Mtanzania mwenye shuka la Kimaasai aliyevuma 2021 kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi na dadake Neema, mpaka 2022 ubalozi wa India pale Dar ukamtunuku. Nampenda sana na mkimuangalia mtaona siri yake, mdomo umekaa sawasawa na uso hausemi uongo. Lakini ile ni video ya kufuatisha, sisi twatengeneza filamu.

Na kutunga si kazi kubwa kama mnavyodhani, hasa sisi Waswahili. Mombasa hii tulikuwa na Juma Bhalo, Mungu amrehemu, mashairi ya Kiswahili safi na sauti na mahadhi ya Kihindi mtupu, na watu walikuwa wanalia harusini. Kwa nini viliingiana vile? Mimi nilipoanza kucheza na ngoma ndiyo nikaelewa. Shairi letu la kawaida lina mizani nane na nane kwa mshororo, na mdundo mmoja unaotumika sana kwenye nyimbo za picha za Kihindi waitwa keherwa, una mapigo nane. Nane kwa nane jamani! Piga meza hivi, moja mbili tatu nne tano sita saba nane, halafu utie kipande kimoja cha shairi kwa kila nane, kitakaa kama mguu ndani ya kiatu chake. Sisi tuliandika hivi,

Begi langu ni dogo tu, halibebi wako moyo,
ndege ikipaa juu, nifunike dua hiyo.

Ami yangu akaikalia na kinanda chake usiku mmoja, ngoma tukaichukua kwenye programu ya simu, na mwimbaji ni msichana wa hapa mtaani ambaye hataki uso wake uonekane popote, na hilo halikuwa tatizo hata kidogo. Kwa sababu gani? Tuingie hatua ya tatu.

Hatua ya tatu, rekodi wimbo wote KABLA ya kushuti. Ndivyo wanavyofanya wenyewe. Lata Mangeshkar, aliyefariki 2022, aliimba miaka na miaka kwa ajili ya waigizaji wa kike sijui wangapi, yeye yuko studio na maikrofoni, wao baadaye wafungua midomo mbele ya kamera huku wimbo wapigwa kwa spika. Mwenye sauti na mwenye uso si lazima wawe mtu mmoja. Sasa wewe mwenye simu hii ndiyo bahati yako kubwa, manake picha ya simu siku hizi ni nzuri lakini sauti yake ni janga, utashuti barazani na kunguru, na tuktuk, na jirani anakoroga simiti. Ukifanya Kihindi, kelele zote hizo ukatupa.

Haya simu. Futa lenzi kwanza, nguo ya pamba, pembe ya leso yatosha, nusu ya video zenu zenye ukungu ni mafuta ya vidole tu. Weka mode ya ndege. Mimi niliipoteza teki, yaani shoti ya mara moja, bora kuliko zote, mamangu mdogo ndiye aliyeigiza mama, chozi limemtoka la kweli, na simu ikaita, mtu aniuliza kama nina chenji. Basi. Seti fremu 25 kwa sekunde kama utashuti ndani na taa za stima, kwa sababu stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde na ukitumia fremu 30 taa zingine zaanza kupepesa kwenye picha, utadhani simu mbovu. Kisha ushikilie kidole juu ya uso wa mwigizaji kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vijifunge, ili picha isirukeruke kila akitingisha kichwa. Zumu ya vidole usiiguse. Zumu ni miguu yako.

Sasa kushuti kwenyewe. Wimbo kwenye spika ya bluetooth, mtu mmoja apige kofi mbele ya kamera, paa, halafu wimbo uanze. Hilo kofi ndilo litakalokuonyesha baadaye kila teki yaanzia wapi, na wimbo utakaonaswa na simu ndio wa kuoanishia. Spika iweke karibu na mwigizaji na simu isiwe mbali, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo ukiweka simu mita 20 kutoka kwa spika, sauti yafika kwako imechelewa kama fremu moja na nusu, na jicho la mtu litaona mdomo umeteleza hata kama hajui kwa nini. Na mwigizaji AIMBE. Kwa sauti. Vibaya, haina neno, hakuna atakayemsikia. Ukimwacha afungue mdomo tu kama samaki, mshipa wa shingo hautoki na kifua hakipandi, na mtazamaji anajua.

Shuti wimbo mzima ukiwa mbali waonekane wote na mlango na begi. Halafu mzima tena usoni kwa mama. Mzima tena usoni kwa binti. Halafu vitu vidogo, mikono, mahamri, zipu ya begi, viatu. Ni kuchosha, mara ya tano kila mtu ashaanza kuuchukia wimbo, lakini ukifika kukata utanishukuru.

Haya sasa ile mliyouliza wote, mtandio ulipepea polepole vile na mdomo wa binti uko sawa na wimbo, ni uchawi gani. Uchawi ni huu. Wimbo tuliupiga kwa kasi mara mbili, waimba kama panya, na binti akaufuatisha kwa kasi hiyo hiyo (tulicheka mpaka tukakaa chini), simu ikiwa kwenye fremu 60. Kwenye kuediti ukapunguza kasi ya klipu nusu, na mdomo ukarudi kwa mwendo wa wimbo wa kawaida, lakini nywele na nguo zikabaki zaelea. Umemaliza. Ila mtandio uwe wa shifoni, leso ni nzito haipepei, yaanguka tu. Na upepo sisi hatukununua, tulipanda barazani juu saa kumi jioni, kaskazi ilikuwa yavuma yenyewe.

Mwanga. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nipendapo. 1959 kuna picha ya mwongozaji Guru Dutt yaitwa Kaagaz Ke Phool, nyeusi na nyeupe, na mle ndani kuna wimbo watu wawili wamesimama ndani ya studio tupu na mwale mmoja mkubwa wa jua washuka kutoka juu kama mlango wa peponi. Mpiga picha alikuwa V.K. Murthy, na alitumia vioo viwili vikubwa, kimoja nje juani, chamulika kingine kilichowekwa juu ndani, na hicho cha pili ndicho kikautupa mwale chini. Vioo! Mimi niliposoma hilo niliinuka saa hiyo hiyo nikaenda kung'oa kioo cha kabati la mamangu (nimekirudisha, msimwambie). Tukaweka kimoja uani juani, kingine ndani kwenye ukumbi uliokuwa giza, na mwale ukaingia, lakini mwanzo hauonekani, waona tu doa ukutani, manake mwale hauonekani mpaka uwe na kitu cha kugonga hewani. Basi nyanyangu ndiye aliyesema tieni ubani. Chetezo, makaa, udi kidogo na ubani, moshi ukapanda, na mwale ukajitokeza wote mnene kabisa kutoka dirishani hadi kwa mama na sahani yake ya mahamri. Ile shoti mnayoisifu ni kioo cha kabati na ubani wa mia moja. Jua lahama lakini, kila dakika chache lazima mtu arekebishe kioo cha nje, mpe kazi hiyo mtoto mmoja mtundu, atakuwa na furaha siku nzima.

Mvua hatukushuti. Tulijaribu, mpira ukakatika maji, tukanunua mitungi mitatu kwa mkokoteni, na mwenye nyumba akatutazama jicho ambalo sitalisahau. Ukiwa na maji mengi, kumbuka taa ama jua liwe nyuma ya matone, ukimulika kutoka mbele hayaonekani. Na ukishuti nje chunga mahali, feri ya Likoni na upande wa bandari usitoe simu kabisa, ulizia vibali kwanza kama wataka maeneo kama hayo, usije ukashuti sehemu ya pili kituoni.

Maneno ya kawaida, yale kabla ya wimbo, tuliyaingiza baadaye. Picha za Kihindi zilifanya hivyo miongo mingi, mwigizaji arudi studio aseme upya, mpaka ilipokuja Lagaan 2001 wakarekodi palepale wanaposhuti na watu wakashangaa. Sisi studio yetu ni kabati la nguo, waingia na simu, blanketi juu ya kichwa, simu kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, jasho latiririka, lakini sauti yatoka kavu na safi. Humo humo ukarekodi bangili, mlango, zipu. Ngumi kama unazo, piga mto kwa kandambili, hiyo ndiyo dishum yako. Yetu haikuwa na dishum, na mdogo wangu wa kiume hajanisamehe, yeye amezoea stelingi apige watu kumi na asife.

Kuediti nimetumia CapCut, yoyote yafaa. Weka wimbo safi chini, oanisha kila teki kwa ule wimbo ulionaswa na simu, halafu zima sauti za simu zote. Usikate kila pigo, utaumiza watu macho. Kata pale mtu anapobadilisha anachofikiri. Mama akishika hamri la mwisho nimemwachia sekunde tisa bila kukata, na kila mtu ananitajia hapo hapo.

Ya mwisho, niliweka intavali. Filamu ya dakika saba, ndiyo, nikaandika INTERVAL kwa herufi nyekundu katikati, binti ameshika kitasa cha mlango. Ilikuwa mzaha tu. Usiku tulipoionyesha uani, shuka jeupe ukutani na projekta ya kuazima, jirani mmoja akaona yale maandishi, akainuka kwa adabu zake, akaenda kununua viazi karai vya watu wote. Aliporudi na mfuko, teksi ishaondoka.