Kuandaa Bakteria wa Utumbo wa Panya na Kemikali Zao

Ndugu watafiti na wanafunzi,

Anayeokota kinyesi cha panya wa maabara ana vitu viwili mkononi, wala havihitaji matunzo yale yale: bakteria, ambao wengi wao hufa wakikutana na oksijeni ya hewa, na metaboliti, yaani kemikali wanazozitoa, ambazo huendelea kubadilika maadamu bakteria hao wangali hai. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sampuli igawanywe mara tu inapotoka kwa mnyama.

Fungu la bakteria liingizwe haraka katika chemba isiyo na oksijeni, yenye naitrojeni pamoja na kiasi kidogo cha haidrojeni na kabonidioksidi. Humo hukorogwa katika mmumunyo wa chumvi uliotiwa sisteini (asidi amino inayopunguza oksijeni) na kukaa chembani tangu siku iliyotangulia, mabaki ya chakula huchujwa, kisha gliseroli, kimiminika kinachokinga seli zisiharibiwe na barafu, huongezwa hadi kufikia asilimia 15 au 20 kabla ya kugandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Tumieni vichupa vidogo vya kutumika mara moja, kwa sababu kila kuyeyusha na kugandisha upya huua sehemu ya bakteria.

Fungu la metaboliti hugandishwa papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika. Asetati, propionati na butirati, yaani asidi fupi za mafuta zitokazo kwa bakteria, ambazo ndizo tunazozitafuta mara nyingi, hupotea hewani kwa urahisi mmumunyo ukiwa na asidi, basi sampuli ibaki baridi na kifuniko kikazwe.

Hapa pana kosa linalonisumbua sana. Maji ya kinyesi yaliyopita katika kichujio cha mikrometa 0.22 hayana bakteria wengi, lakini yana virusi vinavyoshambulia bakteria, protini na vifuko vidogo vya utando. Kumpa panya maji hayo, akabadilika, kisha kutangaza kwamba butirati ndiyo iliyosababisha, ni kuvuka ushahidi. Lazima liwepo kundi lililopewa mmumunyo mtupu, na jingine lililopewa butirati safi kwa kiasi kile kile kilichopimwa.

Kumbukeni pia kwamba panya hula kinyesi, chao na cha wenzao, hivyo wanaokaa pamoja hufanana bakteria. Panya watano wa kizimba kimoja wasihesabiwe kama sampuli tano huru: gawanyeni kila kundi la jaribio katika vizimba kadhaa, na namba ya kizimba iandikwe kwenye kila kichupa.