Senario Iliyorudi Kutoka Gisenyi
(Mhadhara kwa vijana wa filamu, Goma)

Wazee wetu, wandugu, na ninyi vijana wa kamera, jambo yenu.

Mmeniomba nizungumzie senario yangu ya kwanza, yaani maandishi ya filamu, ile iliyopotea tulipokimbia volkano, ikapatikana majuzi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, ndani ya sanduku la nguo za marehemu shangazi. Ni kaye, daftari la shule lililoandikwa kwa biki ya bluu. Pembeni unyevu umekula wino.

Niliichambua kama senario yoyote inayofika mezani kwangu: ndani au nje, mchana au usiku, waigizaji wangapi, vifaa gani. Ilibidi kwanza ichapwe, maana ile hesabu ya ukurasa mmoja kwa dakika moja ya filamu haifai kwa mwandiko wa mkono. Kazi ikaenda vizuri mpaka tukio la nne: nje, jioni, avenyu yetu karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mvulana anasukuma chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, yenye magunia ya makaa. Anapita kwa fundi cherehani, kwa muuza mandazi, kwa mama mwenye televisheni ambayo mtaa mzima ulikuja kuitazama. Kila mlango umetajwa.

Avenyu hiyo haipo tena. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa volkano Nyiragongo ulipasuka, lava ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Kanisa kuu likaungua, na nyumba zetu pia. Watu walirudi wakajenga juu ya jiwe lilelile.

Wenzangu wananishauri tukio hilo nilihamishie soko lolote, tuokoe pesa. Nimekataa. Kijana aliyeandika kaye ile alipenda mno hotuba ndefu, nazo nitazikata bila huruma. Lakini milango aliipanga kama ilivyofuatana, na ramani za mji hazina fundi cherehani. Tutapiga picha palepale juu ya lava: mvulana na chukudu yake kati ya nyumba za leo, sauti ikitaja milango ya zamani mmoja mmoja. Kunasa sauti kutatusumbua, pikipiki zimejaa pale kutwa nzima. Hata hivyo nataka pale pale.

Baada ya muuza mandazi kuna mlango mmoja ambao wino wake umefutika kabisa. Wazee mlioishi upande ule kabla ya 2002, nawaomba msiondoke kabla hatujaongea. Nitakuwa hapa mbele, na kaye ninayo.