Mrija Hauvuti Maji

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo mezani kuna glasi ya maji, mirija miwili ya kunywea, chupa ya plastiki, ndoo, na mpira wa maji wa mita mbili. Kaka Baraka, tuanze na mrija.

BARAKA: Nikuulize, dada Zuhura. Unapokunywa kwa mrija, nini kinapandisha maji?

ZUHURA: Si mdomo? Ninavuta.

BARAKA: Wengi tunateleza hapo hapo. Mdomo hauna kitu cha kuyakamatia maji. Unapanua kinywa, hewa iliyomo inatanuka, presha yake inashuka. Huku nje, hewa inaendelea kuyakandamiza maji ya kwenye glasi kama kawaida. Ndani pamelegea, basi maji yanasukumwa yapande.

ZUHURA: Hewa nyepesi hivi inakandamiza kiasi gani?

BARAKA: Kwenye usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba inabeba kani ya nyutoni 10 hivi, sawa na kuwekewa kitu cha kilo moja. Hatupondeki kwa sababu mwili nao unasukuma kutoka ndani. Sasa weka mirija yote miwili mdomoni. Mmoja uchovye majini, wa pili uning'inie nje ya glasi. Nyonya.

ZUHURA: (ananyonya) Hewa tupu!

BARAKA: Ule wa nje unarudisha hewa kadiri unavyoitoa, presha ya kinywani inagoma kushuka. Mrija uliopasuka juu ya maji unasumbua kwa sababu hiyo hiyo.

ZUHURA: Na mrija mrefu, tuseme wa ghorofa nne?

BARAKA: Haupandishi, hata unyonye kwa mashine. Miaka ya 1640, mwanasayansi Torricelli wa Italia alipima nguvu ya hewa kwa zebaki, ile metali ya majimaji, ndani ya mrija wa kioo uliozibwa juu, na safu yake husimama kwenye milimita 760 hivi. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Zidisha, unapata mita 10.3 za maji. Hewa haina nguvu ya kuyainua zaidi ya hapo. Ndiyo maana pampu ya kunyonya ukiiweka juu ya kisima ambacho maji yako mita 12 chini, itanguruma tu. Kwa vitendo usitegemee zaidi ya mita 7 au 8. Zaidi ya hapo, zamisha pampu yenyewe ndani ya maji ili iyasukume kutoka chini.

ZUHURA: Twende kwenye mpira, tuhamishe maji ya ndoo bila kuiinamisha. Watu wengi huyanyonya ili yaanze kutoka, wakameza maji machafu.

BARAKA: Hakuna haja ya kunyonya, na mafuta ya gari usiyanyonye kabisa. Zamisha mpira wote kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe. Ziba ncha moja kwa kidole gumba, itoe, ishushe chini, halafu achia. Ncha ya pili ibaki imezama.

ZUHURA: Niishushe chini ya kitako cha ndoo?

BARAKA: Chini ya uso wa maji inatosha, ila kadiri unavyoishusha ndivyo yanavyokimbia zaidi. Ukiyapeleka kwenye ndoo nyingine na ncha imezama humo, nyuso mbili zikilingana, yanasimama yenyewe.

ZUHURA: Yakikatika kabla ya hapo?

BARAKA: Kagua sehemu ya juu kabisa ya mpira, pale unapopinda. Presha ya humo ni ndogo kuliko ya nje, kwa hiyo kitundu cha pale hakivujishi, kinaingiza hewa. Povu linakua, mkondo unakatika. Watu wanahangaika kutafuta tone, na tone halipo!

ZUHURA: Chupa hatujaigusa.

BARAKA: Toboa tundu la milimita 3 karibu na kitako, lizibe kwa kidole, jaza maji, funga kifuniko, kisha ondoa kidole. Usiiminye.

ZUHURA: Yametoka kidogo, yamekoma.

BARAKA: Hewa ya juu imetanuka, presha yake imepungua, sasa hewa ya nje inayazuia maji pale tunduni. Ukitoboa tundu la milimita 10, jaribio limeharibika: hewa itaingia na maji yatatoka kwa zamu, glu, glu. Haya, legeza kifuniko taratibu.

ZUHURA: Yanachuruzika. Nikikaza... yamekoma tena. Nipe kitambaa, meza imelowa.