Kamari ya Wahadzabe na mali isiyokaa mkononi

Ndugu wasikilizaji, habari za Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huanzia kwenye pinde na nyama ya nyani. Leo nitaanza na kamari.

Mchana wanaume wakiwa kambini, huenda ukawakuta chini ya mti wakicheza lukuchuko. Kila mchezaji ana kipande chake cha gamba la mti, na kipo kimoja kikubwa cha wote. Vinashikwa pamoja, vinarushwa kwenye shina, vinaanguka. Anashinda yule ambaye kipande chake, peke yake, kimelala upande uleule wa kile kikubwa. Dau ni mishale ya chuma, sumu, visu, shanga. Upinde hauwekwi dau! Huo ndio ugali wa mtu.

James Woodburn, Mwingereza aliyeanza utafiti wake kwao mwaka 1958, aliona kuwa mchezo huu unazungusha vitu kambi hadi kambi. Aliyeshinda haachiwi aondoke na mishale yake. Wenzake humganda aendelee kucheza, na mara nyingi humtoka yote.

Nyama nayo ni hivyo hivyo. Ukiangusha pundamilia, watu wanakuja kuchukua fungu lao, hawaji kuomba. Wageni huuita huo ukarimu. Mimi naona ni haki inayodaiwa, tena kwa maneno makali, na asiyeshukuru hana kosa. Mwindaji hodari hapati watu wa kuwatawala kwa sababu hapati akiba ya kufungia ndani.

Lakini tusiwapambe. Baadhi ya sehemu za mnyama mkubwa, moyo na figo zikiwemo, ni nyama ya epeme, yaani ya siri ya wanaume: waliokwisha kuingizwa katika siri hiyo huila faraghani, na wanawake na watoto hawatakiwi kuiona. Wasifiaji wa usawa wa Wahadzabe hupapita hapo haraka.

Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda, bonde lililo katika eneo lao, wakae kijijini na kulima. Maradhi yakaenea, wengine wakafa, waliobaki wakarudi porini. Kilichowapunguzia eneo tangu hapo ni mashamba na mifugo ya majirani. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi, na hati hiyo imeandikwa kwa jina la jamii nzima. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuiuza, wala kuiweka dau.

Karibuni kwa maswali.