Imeingia, inaimba, haichaji

Shikamooni wazee mliotangulia katika kazi hii. Vijana, hamjambo. Niliombwa nizungumze juu ya betri, lakini nitazungumzia zaidi kile kinachotufanya tubadilishe betri ambazo hazijafa.

Mnaona hii spika mezani? Ni ya mtumba, ya zamani, ina kitako juu cha kusimamishia iPod, kile kichezea muziki cha mfukoni cha Apple. Zilikuja nyingi hapa Kigoma kwenye mizigo ya mtumba, na bado zimo majumbani, kwa sababu sauti yake, tuseme ukweli, inazishinda sabufa nyingi za leo.

Enzi hizo nina meza yangu pale Mwanga, mama mmoja akaniletea iPod na spika kama hii. Akaniambia, "Baba, ukiipachika inaimba usiku kucha, asubuhi imezimika." Nikaipachika, muziki ukatoka safi. Nikasema betri imechoka. Nikabadilisha, nikapokea hela. Siku ya tatu amerudi. Nikasema basi ni tundu la chaji, nikasugua na spiriti. Akarudi tena. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi akaniuliza, "Mbona nikiichomeka kwenye kompyuta kazini inajaa?" Swali hilo nilipaswa kumuuliza mimi, siku ile ya kwanza, kabla sijashika bisibisi. Hela ya betri nilimrudishia, na iliniuma.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinatokea. Kile kichwa kipana cha pini 30 Apple walianza kukitumia mwaka 2003. Ukikitazama ni kitu kimoja, kumbe ndani ni njia nyingi, kila moja na shughuli yake. Sauti inatokea pini ya 3 na ya 4, kulia na kushoto. Umeme nao ulikuwa na milango miwili: pini za 19 na 20 ni volti 12 za FireWire, aina ya waya wa kompyuta wa zamani, pini ya 23 ni volti 5 za USB. Kuna iPod zilizokubali milango yote miwili. Mtengeneza spika akajitazama: amplifaya yangu inakula volti nyingi, 12 ninazo karibu, ya nini nihangaike na 5? Akafunga 12 tu, akauza.

Mwaka 2008 Apple wakaziba mlango wa volti 12. iPhone 3G, iPod nano ya kizazi cha nne, iPod touch ya kizazi cha pili, zote zikawa zinachaji kwa volti 5 peke yake. Kichwa hakikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo unapachika, inakaa vizuri, sauti inapita kwenye njia yake kama kawaida, na umeme unafika kwenye mlango uliofungwa. Spika ni nzima na iPod ni nzima. Ile ya mama yule ilikuwa nano ya mwaka huohuo; kompyuta ya kazini iliijaza kwa volti 5 za USB.

Kutengeneza? Naona mmoja pale nyuma ameshataja 7805, kile kichipu cha kushusha umeme hadi volti 5. Itafanya kazi, ndiyo, ila piga hesabu kwanza. Kutoka 12 kwenda 5 unatupa volti 7. Kwa nusu ampea hizo ni wati 3.5 za joto. Kwa ampea nzima ni wati 7, ndani ya boksi la plastiki lisilo na tundu la hewa. Mimi natumia utumbo wa chaja ya gari, ile ya kuchomeka penye kiberiti. Imeundwa kula 12 na kutoa 5, na haichemki hivyo. Kata kabisa njia inayokwenda pini 19 na 20, peleka 12 hiyo kwenye kile kibao cha saketi cha chaja, rudisha 5 kwenye pini ya 23. Pima kwa mita kabla hujapachika kitu cha mtu.

Na hapo bado unaweza kukwama. Vifaa hivi vinachungulia zile nyaya mbili za data, pini 25 na 27, vijue vinachajiwa na nani. Vikikuta patupu, vingine vinagoma. Weka volti 2.0 kwenye kila moja: risista, kile kipande cha kubana umeme, ya kilo-ohm 75 kutoka kwenye 5, na ya kilo-ohm 50 kwenda graundi, yaani upande wa hasi. Vitakula nusu ampea.

Mwaka 2012 pini 30 zikaondoka, ikaja Lightning ya pini 8, watu wakahamia bluetooth. Tukadhani ugomvi umeisha. Lakini wiki haipiti bila mtu kuniletea spika ndogo ya bluetooth, tundu la taipu C, akisema, "Fundi, imekufa chaji." Ukitumia waya wake wa zamani, ule wenye USB bapa upande mmoja, inachaji. Ukitumia waya wa simu mpya, taipu C pande zote, kimya. Wengine tayari wameng'oa tundu na kuweka jipya. Jamani!

Chaja yenye tundu la taipu C haitoi umeme ovyo. Inasubiri ione risista ya kilo-ohm 5.1 ndani ya kifaa, kwenye pini inayoitwa CC (tundu lina mbili, CC1 na CC2), ndipo ifungulie. Ile ya USB bapa haisubiri, volti 5 zipo muda wote. Aliyetengeneza spika rahisi alibana matumizi akaziacha risista mbili za bei ya pipi. Na msiwacheke sana Wachina: Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, kompyuta ya Waingereza, ilitoka na kosa la ukoo huohuo, walitumia risista moja kwa pini zote mbili, na baadhi ya nyaya zikakataa. Umoja wa Ulaya umelazimisha taipu C kwenye simu na spika za kubebeka tangu tarehe 28 Desemba 2024, sawa, lakini sheria hiyo haiji sokoni Mwanga kukagua risista.

Kwa hiyo risista mbili, CC1 ya kwake na CC2 ya kwake, kila moja kwenda graundi. Ni vidogo kama punje ya mchanga, leteni miwani. Chomoeni hiyo spika ukutani, sogeeni karibu, tuifungue.